Kabla hujasaini kwenda kufundisha Kiingereza chuo kikuu China

Wiki iliyopita kijana niliyemfundisha zamani Morogoro alinitumia picha ya mkataba. Chuo kikuu, China, Kiingereza cha kuongea, yuan 9,000 kwa mwezi, nyumba bure. Chini kaandika: "Mwalimu, nisaini?" Nikamwambia atume kurasa zote kwanza. Alikuwa ametuma ule wa mshahara tu, kwa sababu na yeye ndio aliotumiwa.

Mimi nilisoma uzamili Wuhan kwa ufadhili, kisha nikafundisha vyuo viwili mkoani Hunan, kimoja mwaka mmoja, kingine miwili. Mkataba wa kwanza nilisaini kichwakichwa. Ninayoandika hapa ni maswali niliyouliza kwenye ule wa pili.

Anza na viza, mshahara usubiri. Kazi halali inaanza kwa chuo kukuombea kibali cha kazi wewe ukingali nyumbani. Wanakutumia barua ya kibali, unaipeleka ubalozini, unagongewa viza ya Z, yaani ya kazi. Ukishafika una siku 30 za kuomba hati ya ukaazi. Dalali akikwambia "njoo na viza ya biashara, tutabadilisha hukuhuku," achana naye. Kwa sheria yao iliyoanza kutumika Julai 2013, mgeni anayefanya kazi bila kibali anatozwa faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa ndani siku 5 hadi 15. Mwajiri naye anatozwa, ila yeye yuko kwao.

Halafu kuna suala la pasipoti, na hapa tusidanganyane. Kanuni inataka mwalimu wa lugha afundishe lugha yake ya mama, na maofisa wengi wanaposoma hivyo wanawafikiria Wamarekani, Waingereza, Wakanada, Waaustralia na wenzao, Waafrika Kusini wakiwemo. Mtanzania anaweza kupita, mimi nilipita kwa shahada niliyoipata hukohuko, lakini inategemea mji na ofisi. Kwa hiyo uliza hivi: "Mmewahi kumwombea Mtanzania au Mkenya kibali cha ualimu, kikatoka?" Uliza kabla hujaanza kuzunguka na vyeti na hati ya polisi, kutoka Wizara ya Mambo ya Nje hadi Ubalozi wa China, kwa pesa yako. (Kanuni hiyohiyo ndiyo inayowabeba wenzetu wanaofundisha Kiswahili Beijing. Huko Mmarekani ndiye wa kutiliwa mashaka.)

Kurasa zote zilipokuja, nilikwenda moja kwa moja kwenye muhuri. Muhuri rasmi wa Kichina ni mwekundu, wa duara, una nyota katikati na jina la mwenye muhuri limezunguka kwa juu. Huhitaji kujua Kichina kuusoma. Jina la chuo huishia na 大学 au 学院. Huu wa kijana uliishia na 公司, yaani kampuni. Jina la chuo lilikuwa juu ya ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, lakini aliyeahidi kumlipa ni kampuni ya ushauri wa elimu. Wako wanaofanya kazi kwa mpango huo na wakalipwa vizuri. Ila siku mshahara ukichelewa, chuo kitakwambia muulize mwajiri wako, na watakuwa sahihi. Jina la kwenye mkataba, la kwenye muhuri na la kwenye kibali cha kazi liwe moja. Na mpe anayejua Kichina asome upande wa Kichina, maana mara nyingi kuna kifungu kinachosema lugha mbili zikipishana, Kichina ndicho kinachofuatwa.

Sasa vipindi, ambako mimi ndiko nilikoumia. Mkataba wangu wa kwanza ulisema vipindi 16 kwa wiki. Kipindi ni dakika 45, nikapiga hesabu: saa 12, hii si kazi ni mapumziko. Sikuuliza viko wapi. Chuo kilikuwa na kampasi mbili, ya zamani mjini na mpya nje ya mji, na basi la walimu liliondoka saa 12 na dakika 50 asubuhi. Siku tatu kwa wiki nilikuwa nalila yai la chai, lile la kuchemshwa kwenye majani ya chai, barabarani. Sikuuliza pia darasa lina watu wangapi. Nilikuwa na madarasa manane, kila moja wanafunzi kama 45. Mtihani wa kuongea unamsikiliza mmojammoja: wanafunzi 360, dakika tano kila mtu, ni saa 30 za kukaa kwenye kiti na kusikia "my hometown is very beautiful" mpaka masikio yanazizima. Hizo saa 30 hazikuwa popote kwenye mkataba.

Basi uliza: madarasa mangapi, wanafunzi wangapi, masomo tofauti mangapi ya kuandaa, kampasi gani. Na kitafute kifungu cha "shughuli nyingine zitakazopangwa na chuo". Hicho ndicho kinachokuweka kwenye klabu ya Kiingereza Alhamisi usiku na ujaji wa mashindano ya hotuba Jumapili. Waambie wakiwekee idadi. Mimi kwenye mkataba wa pili waliandika "si zaidi ya mara mbili kwa mwezi" bila ubishi wowote. Ilikuwa ni kuuliza tu.

Pesa ni hesabu fupi. Uliza unalipwa miezi 10 au 12: yuan 9,000 kwa miezi 10 ni 90,000, na 8,000 kwa miezi 12 ni 96,000. Uliza kama ni kabla ya kodi na bima. Nauli wengi wanarudisha mwisho wa mwaka, kwa hiyo tiketi unaanza kununua mwenyewe. Tazama faini ya kuvunja mkataba, na hakikisha imeandikwa kwamba ukimaliza watakupa barua ya kukuachia na karatasi ya kufuta kibali. Bila hizo huhamii chuo kingine. Chuo changu cha kwanza kilinizungusha wiki tano.

Nyumba omba video, si picha, na uliza joto. China majengo ya kaskazini hupashwa joto na mfumo wa mji. Mpaka wake ni milima ya Qinling na mto Huai. Hunan iko kusini ya mstari huo. Januari nilisahihisha mitihani ndani ya nyumba nimevaa koti na glavu zilizokatwa vidole, pumzi inaonekana. Uliza kama kiyoyozi kinatoa joto, na umeme analipa nani.

Mwisho omba namba ya mwalimu mgeni aliyepo sasa. Chuo cha pili walinipa ya Mzimbabwe aliyekuwa anaondoka. Aliniambia mshahara unaingia tarehe 10 bila kukosa, mama wa ofisi ya wageni ni mkali ila hasemi uongo, na lifti ya jengo ni mbovu. Kisha akauliza: "Una blanketi la umeme? Usinunue, langu nakuachia."

Kijana wangu aliomba namba kama hiyo Jumatatu. Leo Ijumaa dalali hajaitoa. Ameandika mara mbili, zote kuomba nakala ya pasipoti.