Kuamka saa 11 bila kugombana na alamu
Jamani wale mnaoseti alamu ya saa 11 alfajiri halafu mnaizima mnalala tena mpaka saa 1, shida sio uvivu, mmeruka hatua. Mwili uliozoea kuamka saa 1 huwezi kuuambia kesho saa 11 ukakubali tu, we punguza dakika 15, kaa nazo siku tatu nne, ndo upunguze zingine 15, ndani ya mwezi hivi umefika na wala hujateseka.

Simu usilale nayo. Mimi yangu naiweka mlangoni ndani ya sufuria tupu, ikilia humo ni balaa, lazima uinuke kabla jirani hajaja kugonga 😂. Ukishainuka washa taa hapo hapo, kukianza kupambazuka fungua dirisha, mwanga ndo unaouambia mwili kumekucha. Kahawa na chai ya rangi mwisho saa 9 mchana, kafeini, ile kitu ndani yake inayofukuza usingizi, inakaa mwilini masaa mengi.

Na Jumapili msijidai kulala mpaka saa 4, Jumatatu mnaanza upya kabisa. Ila wenye watoto wachanga nyie laleni tu mkipata upenyo.