Ukiletewa mkeka uliokwenda upande
Shangazi akikuletea mkeka aliousuka mwenyewe, nawe ukaona umekwenda upande, usikimbilie "mzuri sana". Hapa Tanga wasukaji wanaijua sifa ya juujuu. Tafuta jambo moja la kweli ulitaje. Pitisha kidole pale kili, ile mikanda mirefu iliyosukwa, zinapoungana, mshono ukiwa umekaza, mwambie, "Shangazi, hapa hapafumuki leo wala kesho." Au sifia rangi: ukindu, yaani majani ya mkindu ya kusukia, uliochemshwa ukakolea vizuri hauachi rangi mkononi, na hiyo ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kisha utandike palepale, umkaribishe akae. Tafadhali usiusokomeze uvunguni! Kwa unyevunyevu wetu wa pwani ukindu huota ukungu upesi, na akija tena lazima atauliza uko wapi.