Ukiwa kocha msaidizi wangu

Timu yetu ya sekondari hapa Tabora huanza mazoezi saa kumi jioni. Wewe fika saa tisa na nusu: koni zimepangwa, vizibao vimehesabiwa, mipira namba 5 imejazwa upepo. Jaza kiasi tu. Kiangazi uwanja wetu hukauka kama sakafu, na mpira uliojaa kupita kiasi unadunda hadi barabarani.

Ninachotaka zaidi ni macho. Siku ya mechi mimi nafuata mpira, wewe usiufuate. Tazama beki wetu wa kushoto anarudi kwa mwendo gani baada ya kupanda. Tazama winga wao anapendelea mguu upi. Andika kwenye daftari. Mapumziko ni mafupi na vijana hawabebi maneno mengi, kwa hiyo niletee mambo mawili, si kumi, na uniambie pembeni kabla hatujawafikia.

Ubishi nauruhusu, tena naupenda. Bisha Jumatatu tukipanga kikosi. Mbele ya vijana tuna kauli moja, hata kama bado umenuna.

Kijana akigongwa kichwa akaonekana amezubaa, mtoe, usinisubiri mimi. Hata iwe nusu fainali ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari nchini.

Wa benchi ni wako. Hao ndio huacha timu, tena kimyakimya. Mweleze kila mmoja kwa nini hachezi. "Subiri zamu yako" si jibu. Ukigundua mtu hajala tangu asubuhi, nijulishe kabla hujamkimbiza.

Viatu? Usiwanunulie kwa hela yako. Ukimpa mmoja, kesho wako mlangoni wote.