Kusoma Mgongo wa Spika: Maana ya Wati, Desibeli, Omu na Hezi kwa Mnunuzi wa Mombasa

Anayetafuta seti ya muziki katika maduka ya vyombo vya umeme ya Barabara ya Digo, au spika za mtumba kule Mwembe Tayari, hukutana kwanza na tarakimu moja kubwa iliyochapwa kwa rangi ya kung'aa mbele ya boksi, na baadaye, akijaliwa kuigeuza, na tarakimu nyingine ndogo ndogo zilizobanwa kwenye bamba la nyuma. Wengi huamua kwa kuitazama ile kubwa, ilhali kwa maoni yangu ndiyo yenye faida ndogo kuliko zote. Mwongozo huu unaeleza maana ya zile ndogo na namna ya kuzitumia dukani kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Tuanze na wati, kwa kuwa hapo ndipo watu wengi hupotea njia. Wati ni kipimo cha nguvu, na jina lake limetokana na James Watt wa Skotilandi, aliyeiboresha injini ya mvuke. Kwenye amplifaya, yaani kikuza sauti, wati hueleza nguvu ya umeme inayoweza kupelekwa kwenye spika, na kwenye spika hueleza nguvu ambayo spika inaweza kuistahimili bila koili yake, yaani waya mwembamba uliozungushwa ndani yake, kuungua. Spika ya kawaida isiyo na amplifaya ndani haina wati zake yenyewe, kama vile mtungi usivyokuwa na maji yake: husubiri kujazwa, na kilichoandikwa ni kiasi inachoweza kubeba.

Mjomba wangu wa Kibokoni aliwahi kuleta nyumbani seti ya sabufa moja, yaani spika ya besi, na spika mbili ndogo, ambayo boksi lake lilikuwa limeandikwa 12,000W PMPO. Nilimwamkia, nikampongeza kwa chombo kipya, kisha nikamwomba, “Mjomba, hebu tuigeuze kidogo tuone mgongo wake.” Bamba la nyuma lilisema volti 240, hezi 50, wati 60. Tukachukua kalamu. Plagi yetu ya pini tatu huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13, na ampea 13 zikizidishwa kwa volti 240 huwa wati 3,120, ambazo zinatosha birika la umeme lenye nguvu kubwa na ziada. Chombo cha wati 12,000 kingehitaji soketi nne kama hiyo, tena zikiwa zimejaa, na waya wenyewe uliotoka kwenye sabufa ulikuwa mwembamba kuliko kidole kidogo cha mtoto. Mjomba alitazama plagi, akatazama boksi, akauliza, “Kwa hivyo hizi elfu kumi na mbili zimetoka wapi?”

Zimetoka katika hesabu isiyo na kanuni moja iliyokubaliwa. PMPO hudai kueleza kilele cha nguvu kwa nukta fupi mno ya muda, mara nyingi kwa kujumlisha kila spika iliyomo, na kila mtengenezaji hupima kwa njia aipendayo, hata tarakimu za kampuni mbili haziwezi kulinganishwa. Herufi za kutafuta ni RMS, ambazo huonyesha nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo. RMS isipoandikwa, bamba la nyuma litakupa makisio. Si umeme wote unaoingia unaotoka kama muziki, kwani sehemu yake hugeuka joto: amplifaya za mtindo wa zamani, zinazoandikwa daraja la AB, zinaweza kupoteza karibu nusu, na zile za daraja la D hupoteza kidogo zaidi ya sehemu moja ya kumi zikifanya kazi vizuri. Ni kweli kwamba bamba huonyesha matumizi ya kawaida, na kwamba muziki ukipanda ghafla chombo kinaweza kuvuka hapo kwa muda mfupi, lakini kuvuka huko hakufiki maelfu. Seti ya mjomba niliikadiria kuwa ya wati 40 hivi za kweli, na kwa sebule yake zilimtosha.

Itazame pia asilimia iliyoandikwa kando ya RMS, ambayo mara nyingi hutanguliwa na herufi THD. Hiyo ni kiasi cha uchafu ambao amplifaya inauongeza kwenye sauti. Amplifaya ileile inaweza kuuzwa kuwa ya wati 50 ikipimwa kwa asilimia 10, au ya wati 40 hivi ikipimwa kwa asilimia 1, na katika asilimia 10 sauti imekwisha kuanza kukwaruza. Aliyeandika wati chache kwa asilimia ndogo amekwambia ukweli zaidi.

Tarakimu ambayo mimi huitafuta kabla ya zote kwenye spika ni desibeli, yaani dB, kipimo cha ukubwa wa sauti. Mtengenezaji makini huandika kwamba spika yake, ikipewa wati 1 na kusikilizwa kwa umbali wa mita 1, hutoa kiasi fulani cha desibeli, kwa mfano 84, 87 au 90. Huu ndio wepesi wa spika kuugeuza umeme kuwa sauti, na tofauti zinazoonekana ndogo hapa huwa kubwa masikioni na mfukoni. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi. Kila unapozidisha nguvu mara mbili unapata desibeli 3 tu, ambazo sikio huziona kuwa nyongeza ndogo, na ili usikie sauti iliyokuwa kubwa maradufu unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo spika ya desibeli 90 ikipewa wati 20 hulingana kwa ukubwa wa sauti na spika ya desibeli 84 iliyopewa wati 80. Muuzaji akikushawishi uongeze fedha nyingi ili utoke kwenye amplifaya ya wati 50 uende kwenye ya wati 100, kumbuka kwamba unanunua desibeli tatu, ambazo ungeweza kuzipata kwa kuchagua spika nyepesi zaidi. Umbali nao hula sauti: mahali pa wazi, kama ua wa nyumba wakati wa harusi, kila umbali unapozidi mara mbili unapoteza desibeli 6, na ndiyo maana seti inayotikisa sebule huonekana kama imepigwa na baridi ikitolewa nje.

Kisha kuna omu, inayoandikwa kwa ile alama ya Kigiriki inayofanana na kiatu cha farasi, Ω, na iliyopewa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeichapisha kanuni yake mwaka 1827. Omu hupima jinsi spika inavyouzuia umeme usipite. Spika za nyumbani huwa za omu 4, 6 au 8, na kadiri omu zinavyopungua ndivyo spika inavyovuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye amplifaya. Makosa mengi huzaliwa hapa, kwa sababu mtu aliye na spika mbili hutamani ziwe nne. Ukifunga spika mbili za omu 8 kwenye matundu yale yale, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, amplifaya haizioni kuwa omu 16 bali omu 4, kwa kuwa umeufungulia umeme milango miwili badala ya mmoja. Ukifunga mbili za omu 4 kwa namna hiyo zinakuwa omu 2. Amplifaya iliyoandikwa omu 4 hadi 8 itaanza kuchemka, na kama ina kinga itajizima katikati ya wimbo, na kama haina utasikia harufu kabla hujaona moshi. Njia ya pili ni kuzifuatanisha, waya ukitoka kwenye spika moja na kuingia kwenye nyingine, na hapo mbili za omu 4 hutoa omu 8 ambazo ni salama, ingawa kila spika hupata nguvu kidogo.

Wanaonunua mtumba wanufaike na kipimo kidogo cha fundi. Mita ya mkononi ya fundi, ya kupimia omu, ikiwekwa kwenye vichwa vya spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, na hilo si kosa, kwa sababu mita hupima koili iliyotulia, ilhali omu zilizoandikwa ni za spika inayopokea muziki. Ikisoma sifuri, koili imegusana. Isiposoma chochote, imekatika, na bei yake ni ya boksi la mbao tu.

Hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, na jina lake linatokana na Heinrich Hertz. Sikio la kijana mzima husikia takriban kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000, na kwa sababu hiyo boksi nyingi huandikwa tarakimu hizo hizo hata kama spika iliyomo ni ya inchi tatu. Tarakimu hizo huwa na maana pale tu zinapofuatwa na alama ya jumlisha-toa na desibeli 3, yaani kwamba katika masafa yote hayo sauti haipandi wala kushuka kupita kiasi hicho. Bila alama hiyo, hezi 20 inaweza kuwa imo kweli, lakini kwa unyonge ambao hata paka hatageuza shingo.

Ni bora ujiulize unasikiliza nini. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi hutetema kwa hezi 41, na uzi wa chini wa udi, kwa mpangilio wa Kiarabu unaotumika sana, hukaa karibu na hezi 65. Kwa mpenzi wa taarabu, anayeufuata ushairi neno kwa neno, kinachohitajika zaidi ni masafa ya kati, kuanzia hezi mia chache hadi elfu chache, ambako maneno ya mwimbaji hueleweka. Seti nyingi za bei nafuu zina sabufa yenye kishindo na vispika vidogo visivyoweza kushuka vya kutosha kukutana nayo, na pengo linalobaki katikati humfanya mwimbaji asikike kana kwamba yuko nyuma ya pazia.

Mahali pa kukutania pameamuliwa na krosova, ambayo ni kigawanyi kinachopeleka sauti nzito kwenye sabufa na nyembamba kwenye spika nyingine na twita, yaani kispika cha sauti nyembamba kabisa. Sabufa yenye kitufe chake iwekwe karibu na hezi 80 kama spika zako ni kubwa kiasi, au 120 kama ni ndogo. Weka taarifa ya habari usikilize: ukimsikia msomaji akizungumza kutoka ndani ya sabufa, umeipandisha mno.

Chumba nacho kina hezi zake, na wakazi wa Mji wa Kale wana sababu ya pekee ya kulijua hilo. Nyumba za kale zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti zina urefu wake, vyumba vikawa virefu lakini vyembamba, upana usiofika mita 3. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti husafiri karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa upana maradufu, tuseme mita 2.7 mara mbili, utapata hezi 65 hivi, na masafa hayo ndiyo yatakayovuma kati ya kuta hizo nene zisizomeza besi. Utaona kuwa ni pale pale ulipo uzi wa chini wa udi. Sabufa ikiwekwa pembeni kabisa, kuta mbili na sakafu huuongeza mvumo huo, na mwenye nyumba hudhani amenunua chombo kibovu. Isogeze nusu mita kutoka pembeni, kisha uijaribu mahali pengine mawili matatu kabla ya kugusa kitufe chochote. Mikeka, mapazia na makochi hutuliza sauti nyembamba zinazorudi kutoka ukutani, lakini besi haizijali.

Maandishi mengine hayahitaji muda mrefu. Katika 2.1 na 5.1, tarakimu ya kwanza ni idadi ya spika na ya pili ni idadi ya sabufa. HDMI yenye neno ARC humaanisha kwamba sauti ya televisheni inaweza kurudi kwenye seti kwa waya huo huo mmoja. Bluetooth inatosha kwa simu, ila picha za filamu na sauti zinaweza kupishana kidogo.

Kwa hewa yetu ya chumvi, naongeza swali lisiloandikwa popote: ule ukingo unaoishikilia koni ya spika ni wa sponji au wa mpira? Sponji huoza na kumong'onyoka kwa unyevu na miaka, kwa hiyo chukua ya mpira ukiipata. Vichwa vya waya vikiota kutu ya kijani, vikwangue mpaka shaba ing'ae kabla ya kulaumu amplifaya.

Mwisho, ukifika nyumbani, hakikisha spika zote mbili zinasukuma kwa pamoja, kwani moja ikifungwa waya kinyume besi hupotea hata kama kila kipimo kilikuwa sawa. Zitoe kwenye amplifaya, chukua betri ya volti 1.5, gusisha upande wa kujumlisha kwenye kichwa chekundu na wa kutoa kwenye cheusi kwa nukta moja tu, na utazame koni. Ikiruka kuja mbele, iko sawa. Ikirudi nyuma, mafundi walioifungua kabla yako waligeuza waya, nawe ugeuze.