Kiingereza Hakipigi Picha: Hatua za Kujifunza Maneno Yanayoandamana

Mwanafunzi wangu mmoja, dada wa mapokezi hotelini, alimwona mgeni Mwingereza aliyekuwa hajafika kwa miezi mingi. Akamkaribisha kwa uchangamfu: "You are lost!" Mgeni akashtuka, akaanza kumhakikishia kwamba njia anaijua vizuri. Dada alitaka kusema "umepotea", salamu yetu ya kila siku. Kwa Kiingereza angesema "Long time no see", au "I haven't seen you in ages".

Ukiitazama sentensi yake, sarufi haina kasoro hata moja. Kiima kipo, kitenzi kipo, wakati ni sahihi. Kilichokosekana ni kile ambacho vitabu vingi vya darasani hukipitia harakaharaka: maneno gani huandamana na maneno gani. Nafundisha watu wazima jioni, wengi wakiwa wahudumu wa hoteli, madereva wa watalii, wauguzi na vijana waliomaliza kidato cha nne, na naona sarufi wanaifahamu kuliko wanavyodhani. Wanachokosa ni jozi za maneno. Hivi ndivyo ninavyowapitisha.

Hatua ya 1: Anzia kwenye Kiswahili chako

Kabla hujafungua daftari, fikiria kitenzi "piga". Tunapiga simu, picha, pasi, deki, mswaki, kura, magoti, chafya, soga. Hakuna anayepigwa hapo. Mgeni akikuambia "nataka kufanya simu", utamwelewa, lakini sikio lako litajua papo hapo kwamba lugha si yake. Hukuwahi kufundishwa kanuni ya "piga". Ulizaliwa ukaikuta, ukaibeba kila jozi ilivyo.

Kiingereza nacho kiko vivyo hivyo. Picha "wanaichukua": "take a photo". Simu "wanaitengeneza": "make a call". Kura "wanaitupa": "cast a vote". Jozi zetu nyingine kwao ni kitenzi kimoja tu: kupiga magoti ni "kneel", kupiga chafya ni "sneeze", kupiga makofi ni "clap". Dawa hawainywi, hata ikiwa ya maji, bali "take medicine". Ukisema "drink medicine" muuguzi wa London atakuelewa, na atajua unatoka mbali.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni hili: andika jozi kumi za Kiswahili zenye "piga", kisha jozi tano zenye "kata" (kata tamaa, kata rufaa, kata kiu, kata simu, kata tiketi). Tafuta kila moja kwa Kiingereza kama kitu kizima. Usitafute "kata" peke yake, utapata "cut", na "cut" haitakusaidia kwenye hata moja kati ya hizo tano: ni "lose hope", "file an appeal", "quench your thirst", "hang up" na "buy a ticket".

Hatua ya 2: Livunje neno moja mpaka liishe

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na mara nyingi kipindi kizima huishia hapa. Ninaandika ubaoni neno "kali" na kuwaambia wanafunzi wanipe kila kitu kinachoweza kuwa kikali. Ubao hujaa. Kisha tunatafuta Kiingereza chake, kimoja kimoja.

Kisu kikali ni "a sharp knife". Mbwa mkali ni "a fierce dog", lakini baba mkali ni "a strict father"; ukimwita baba yako "fierce" umemchora na meno. Jua kali ni "scorching sun". Pilipili kali ni "hot pepper". Upepo mkali ni "strong wind". Homa kali ni "a high fever", ilhali maumivu makali ni "severe pain". Ulinzi mkali ni "tight security", ushindani mkali ni "stiff competition", onyo kali ni "a stern warning", na pombe kali ni "hard liquor".

Neno letu moja, maneno yao kumi na mawili. Ndiyo maana mtu anayetafsiri neno kwa neno hukwama: kamusi humpa "sharp", naye huandika "sharp father" na "sharp sun". Mwanaisimu Mwingereza John Rupert Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno yanayoandamana nalo. Mtu akishajaza ubao wa "kali" hahitaji kuelezwa zaidi.

Mchezo huu unageuzwa pia. Chukua "heavy" ya Kiingereza: "heavy rain" ni mvua kubwa, "heavy traffic" ni foleni, "a heavy smoker" ni mvutaji sigara wa kupindukia, "heavy losses" ni hasara kubwa. Hakuna hata kimoja hapo tunachokiita kizito. Ukimaliza, endelea na "pata" (kupata ajali si "get an accident", ni "have an accident") na "kubwa". Wiki moja, neno moja. Usiharakishe.

Hatua ya 3: "Fanya" na vitenzi vyake vinne

Kosa ninalolisahihisha zaidi ya mengine yote ni "do a mistake". "Fanya" yetu inabeba mzigo ambao Kiingereza kimeugawa kwa "do", "make", "have" na "hold".

Kuna kanuni ndogo: kazi na shughuli hupenda "do" ("do homework", "do research", "do the dishes"), na jambo linalozaa kitu ambacho hakikuwepo hupenda "make" ("make a decision", "make a mistake", "make a plan", "make progress"). Kikao na uchaguzi huenda na "hold". Sherehe ni "have a party". Kanuni hii itakufikisha katikati ya safari, kisha itakuacha. Mtihani, kwa mfano, Mwingereza huukalia, "sit an exam", Mmarekani akauchukua, "take an exam". Sababu haisaidii. Ishike jozi.

Hatua ya 4: Angalia neno dogo linalofuata kitenzi

Hapa Kiswahili chenyewe kinaeleza kwa nini tunateleza. Sisi neno dogo tunalimeza ndani ya kitenzi, kwa kauli ya kutendea. Lipa ikawa lipia, andika ikawa andikia, omba ikawa ombea. Mwingereza hana tumbo hilo katika kitenzi chake, hivyo huliweka neno nje: "pay for", "write to", "pray for". Anayetafsiri "nasikiliza redio" huandika "I listen radio" kwa sababu kwa Kiswahili hakuna pengo analoliona.

Basi kila unapoandika kitenzi kipya, andika na neno lake dogo kama herufi ya mwisho ya kitenzi hicho: "wait for", "listen to", "depend on". Fanya hivyo hata kwa vivumishi: "afraid of", "married to" (si "married with", ingawa kwetu ni "ameolewa na"). Na pale lisipokuwepo, usiliongeze. "Discuss" haihitaji "about": ni "we discussed the problem", basi. Kosa hili limeenea Afrika Mashariki nzima, hata kwenye barua za ofisi, na ukiliacha leo umewapita wengi.

Hatua ya 5: Nahau ziulize maswali matatu

Wanafunzi hupenda nahau mapema mno. Mtu hajaweza kusema "have an accident", tayari anataka "it's raining cats and dogs". Msemo huo una sura ya kitabu cha zamani. Mvua ikimwagika, watu husema tu "it's pouring". Mimi nahau huzileta mwishoni, na kila moja tunaiuliza maswali matatu.

La kwanza: Je, ina ndugu katika Kiswahili? Nyingi zinao, na ndugu huyo ndiye atakayekusaidia kukumbuka. Mtu akitia chumvi kwenye mazungumzo kwetu, kwao msikilizaji huyapokea "with a pinch of salt", yaani hayaamini yote. Chumvi ni ileile, sisi tuko upande wa mpishi na wao upande wa mlaji. Mambo yakienda mrama (mrama ni mtikisiko wa chombo baharini), Mwingereza naye, aliyekulia kwenye taifa la mabaharia, ana misemo ya merikebu: "learn the ropes" ni kuzijua kamba za kazi, "plain sailing" ni safari isiyo na dhoruba. Mtu wa Lamu au Tanga hahitaji kuelezwa sana.

La pili: Je, ndugu huyo ni wa kweli, au wanafanana sura tu? Hapa ndipo penye hatari. Ukifeli usaili ukasema "umenivunja moyo", maana yake nimekata tamaa. Ukitafsiri "you broke my heart" kwa bosi, umemwambia jambo la mapenzi au msiba. Kwa kuvunjika moyo sema "lose heart" au "I was discouraged". Vivyo hivyo "kaza buti": inafanana na "pull your socks up", miguu kwa miguu. Lakini kaza buti hutia nguvu, na "pull your socks up" ni karipio kwa mtu aliyezembea. Usimwambie mgonjwa anayejitahidi kutembea.

La tatu: Inasemwa wapi, na mbele ya nani? "Kick the bucket" maana yake ni kufa, lakini ukiitamka kwenye mazishi utaumiza watu. Huko sema "pass away", sawa na sisi tunavyosema fulani ameaga dunia. Wala usiichezee nahau. Ndoo haibadilishwi kuwa beseni, wala haigeuzwi kuwa "the bucket was kicked by him". Hapo inarudi kuwa ndoo ya kweli.

Hatua ya 6: Hakiki kabla ya kuamini

Usikubali jozi kwa sababu mimi nimesema. Kuna kopasi, hazina kubwa za maandishi na mazungumzo halisi, unazoweza kuzitafuta kwenye intaneti. Ile ya Kiingereza cha Marekani iitwayo COCA ina zaidi ya maneno bilioni 1, ya kuanzia 1990 hadi 2019. Andika alama ya nyota (*) kabla ya "rain", uone maneno gani huitangulia na mara ngapi. Kwa matumizi ya Uingereza ipo British National Corpus, yenye maneno milioni 100. Kama simu yako ni ndogo na bando ni chache, Google Ngram Viewer inatosha: andika "do a mistake, make a mistake", ukiweka mkato katikati, utazame mistari miwili inavyoachana.

Hatua ya 7: Daftari

Kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto sentensi nzima ya Kiswahili kutoka maisha yako, kulia Kiingereza chake na jozi imepigiwa mstari. Funika kulia, sema kwa sauti. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Jozi tano kwa siku zinatosha kabisa.

Jaribu sasa

Tafsiri hizi bila kutazama juu: (1) Daktari alisema ana homa kali na anywe dawa mara tatu kwa siku. (2) Tulifanya kikao jana, tukafanya uamuzi. (3) Usivunjike moyo. (4) Mvua kubwa ilinyesha, nikapata ajali ndogo.

Majibu: (1) "The doctor said she had a high fever and should take the medicine three times a day." (2) "We held a meeting yesterday and made a decision." (3) "Don't lose heart." (4) "It rained heavily and I had a minor accident." Kama kwenye ya nne umeandika "small accident", ifungulie "ndogo" ukurasa wake kwenye daftari, kama tulivyofanya kwa "kali".