Somo: Usajili, leseni na bima kwa mwashi anayetaka kazi za ukandarasi

Ndugu waashi wa Mtwara na Lindi, kuanzia Oktoba, fedha za korosho zinapoanza kufika mikononi mwa wakulima, nyumba nyingi zilizobaki kwenye msingi mwaka mzima huanza kupandishwa kuta, na mwezi mmoja au miwili baadaye mvua huanza. Msimu wetu wa kazi nyingi ndio huo huo ambao ukuta mbichi hupigwa na maji na udongo wa msingi hulegea. Somo hili ni la fundi anayejua kujenga lakini bado anaingia kazini bila karatasi, na ningependa alisome akiwa na swali moja kwa kila karatasi nitakayoitaja: hii inamlinda nani?

Hatua ya kwanza: jina na ujuzi

Sajili jina la biashara au kampuni BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara, kwa njia ya mtandao ukiwa na namba yako ya NIDA, kisha uchukue TIN, namba ya mlipakodi, ya TRA kwa jina hilo hilo. Kama ufundi uliupata kwa kushika mwiko nyuma ya fundi mkubwa na si darasani, nenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ambayo ina vyuo Mtwara na Lindi, ukaulizie urasimishaji wa ujuzi. Utapimwa kwa kile unachoweza kufanya, na ukifaulu utapewa cheti.

Jina liandikwe kwa herufi zilezile kila mahali. Nasisitiza kwa sababu yalinikuta. Niliwahi kukata bima kwa jina langu binafsi huku mkataba wa kazi ukiwa wa kampuni yangu, na jukwaa la mirunda lilipoangukia uzio wa jirani, niliambiwa kwamba aliyekatiwa bima siye anayejenga. Uzio ule niliujenga upya kwa fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya ada za watoto.

Hatua ya pili: Bodi ya Usajili wa Makandarasi

Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Na. 17 ya mwaka 1997, hairuhusu mtu kujiita mkandarasi wala kufanya kazi za ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi, ambayo wengi tunaiita CRB. Kwa ujenzi wa majengo, daraja la saba ndilo la chini kabisa na la kwanza ndilo la juu, na kila daraja lina ukomo wa thamani ya kazi unayoweza kuchukua, pamoja na masharti ya wataalamu, vifaa na mtaji. Usiombe daraja kubwa kwa ajili ya heshima. Omba lile ambalo vifaa na watu wako wanalitosheleza, kisha upande. Usajili hulipiwa ada kila mwaka, mradi nao husajiliwa, na ubao wa mradi husimamishwa mahali pa kazi. Karatasi hii inamlinda mwenye jengo, kwa kuwa inampa mahali pa kupeleka malalamiko.

Hatua ya tatu: leseni ya biashara

Cheti cha Bodi kikishapatikana, omba leseni. Leseni za halmashauri huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Kibali cha ujenzi ni jambo jingine, na kwa kawaida huombwa na mwenye jengo, lakini usichimbe msingi kabla hujakiona kwa macho yako.

Hatua ya nne: watu wako

Mwajiri hujisajili katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF, na kuchangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mchango huo wote ni wa mwajiri, na kumkata saidia fundi hata shilingi moja kwa ajili hiyo ni kosa. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni tofauti: jumla yake ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu yake. Sehemu ya kazi nayo husajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya kazini, chini ya Sheria Na. 5 ya mwaka 2003. Hizi zote zinamlinda aliye juu ya jukwaa. Hazimlindi mpita njia aliyeangukiwa na tofali, wala hazilipi ukuta uliobomoka.

Hatua ya tano: bima yenyewe

Bima inayotufaa zaidi ni ile ya hatari zote za mkandarasi. Ina sehemu mbili. Ya kwanza hulipa uharibifu wa kazi inayojengwa pamoja na vifaa vilivyo eneo la kazi. Ya pili hulipa dhima yako kwa watu wengine, yaani jirani, mpita njia na mali zao. Wafanyakazi wako hawamo katika sehemu hii ya pili, na ndiyo sababu WCF na bima hii haziwezi kubadilishana nafasi.

Neno "zote" limewaponza wengi. Ukuta uliojengwa kwa zege hafifu ukianguka, bima kwa kawaida hailipi gharama ya kurekebisha kazi mbovu yenyewe, ingawa inaweza kulipa kitu kingine kisicho na kasoro kilichoharibiwa na ukuta huo. Ukichimba msingi karibu na nyumba ya zamani, kama zile za mawe ya matumbawe pale Mikindani, na ukadhoofisha kinachoishikilia, hasara hiyo mara nyingi haimo mpaka uiombe iongezwe kwa maandishi. Vivyo hivyo, tafuta kwenye mkataba wa bima maneno tufani na mafuriko. Pwani yetu si ngeni kwa vimbunga: Lindi ilipigwa Aprili 1952, na Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Angalia pia kiasi cha hasara utakachojibebea kabla bima haijaanza kulipa, kwa sababu kikiwa kikubwa, bima rahisi inageuka kuwa karatasi tu.

Kabla ya kulipa, hakikisha kampuni na wakala wamesajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na baada ya kulipa, hakiki bima yako katika mfumo wa TIRA badala ya kuridhika na karatasi uliyopewa.

Maswali ya wanachama

Kutoka Tandahimba: Shikamoo mzee. Huku mwenye nyumba hununua saruji, tofali na nondo mwenyewe, mimi napewa fedha ya ufundi tu. Bima niikate kwa thamani ipi?

Marahaba, mwanangu. Ikate kwa thamani ya jengo zima, vifaa vya mwenye nyumba vikiwemo. Tuseme jengo ni la shilingi 80,000,000 na ufundi wako ni 20,000,000. Ukikata bima ya 20,000,000, umekata robo ya thamani, na hasara ya 8,000,000 inaweza kulipwa robo vilevile, yaani 2,000,000, kabla ya kutoa kiasi cha kujibebea. Mwombe mwenye nyumba mchangie malipo ya bima, kwa kuwa saruji yake ndiyo inayolindwa, na mliandike hilo kwenye mkataba.

Kutoka Kilwa Masoko: Kaka, kibarua niliyemchukua asubuhi akianguka mchana, WCF itamtambua?

Ndugu yangu, kukosa mkataba wa maandishi peke yake hakumwondoi kwenye sheria, lakini wewe ndiye utakayetakiwa kuonyesha kwamba alikuwa wako. Andika jina lake na ujira wake kwenye daftari la mahudhurio kabla hajashika ndoo, umwingize kwenye mishahara unayochangia, na ajali ikitokea itoe taarifa mara moja.

Kutoka Masasi: Mzee, zabuni niliyoiona NeST, ule mfumo wa zabuni za serikali, inataka dhamana ya utekelezaji, na kampuni ya bima imesema inaitoa. Je, hiyo si bima tosha?

Hapana, na hapa naomba uwe makini sana. Dhamana inamlinda anayekupa kazi. Ukishindwa kazi, kampuni humlipa yeye, kisha inakuja kukudai wewe fedha hiyo. Kama umesajiliwa na Bodi, ulizia Mfuko wa Kusaidia Makandarasi, ambao husaidia makandarasi wadogo na wa kati kupata dhamana ya zabuni na ya malipo ya awali. Bima ya kazi bado unaihitaji.

Kutoka Nachingwea: Shikamoo baba. Kazi imesimama miezi mitatu, mwenye nyumba anasubiri mnada wa korosho. Bima yangu bado ni hai?

Marahaba. Tarehe inaweza kuwa bado haijafika na ulinzi ukawa umekoma, kwa sababu hasara inayotokana na kazi kusimama huwa haimo katika bima nyingi za namna hii. Waandikie leo kwamba kazi imesimama, uombe jibu la maandishi na muda wa nyongeza. Kisha piga picha kila upande wa jengo zikionyesha tofali zimefika kozi ya ngapi, na ufunike vichwa vya kuta kabla mvua haijaanza.