Matundu ya vifungo yenye midomo kwenye koti la kike

Koti linalovaliwa juu ya kanzu siku ya kwanjula, sherehe ya Waganda ya kutambulishana kabla ya ndoa, kwa kawaida lina matundu ya kushonwa kwa uzi. Matundu yenye midomo, yaani vipande viwili vyembamba vya kitambaa vinavyokutana katikati, hupendeza zaidi kwenye koti la kike. Yashone baada ya kubandika gamu, yaani kitambaa cha kukazia, kwa pasi na kabla ya kuunganisha kipande cha ndani cha mbele. Ukikumbuka koti likiwa tayari lina bitana, umechelewa.

Pima kifungo: jumlisha upana na unene. Cha mm 20 chenye unene wa mm 3 kinataka tundu la mm 23. Kikiwa cha mviringo kama mbegu, kizungushie ukanda wa karatasi, kisha gawa urefu wake kwa 2. Tundu lianze mm 3 kupita mstari wa katikati ya mbele, kuelekea ukingo. Weka alama kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ya uzi wa rangi nyingine, kwa sababu chaki hufutika mkononi.

Kila tundu lina vipande viwili, upana sm 2.5 na urefu sm 5. Kunja kwa urefu, piga pasi, shona mm 3 kutoka kwenye mkunjo, kisha punguza upande wa pili ubaki mm 3. Vilaze upande wa nje wa koti, kingo zilizokatwa zikutane juu ya alama, mikunjo itazame nje. Shona juu ya mshono uleule kwa hatua fupi za mm 1.5. Anzia katikati, nenda hadi mwisho, rudi hadi mwisho wa pili, malizia katikati. Hivyo hakuna fundo kwenye kona. Geuza utazame nyuma: mistari miwili iwe sambamba, urefu sawa. Ikipishana hata kwa hatua moja, fumua sasa.

Halafu mkasi, na hapa ndipo makoti mengi huharibika. Kata kitambaa cha koti tu, kutokea nyuma, katikati ya mistari. Simama mm 6 kabla ya kila mwisho, kisha kata mshazari hadi kwenye kona, ukibakiza uzi mmoja wa kitambaa. Ukikata pungufu, kona itajikunja, ukipitiliza, itatoboka. Ndiyo maana ukinunua kitambaa Kiyembe, Kampala, ongeza robo mita ya majaribio. Koti la mtumba la soko la Owino lenye matundu haya nalo hufundisha vizuri: fumua bitana, utazame nyuma yake.

Pitisha vipande ndani, funga midomo kwa bandi ya mshazari, kisha shona pembetatu ndogo za kila mwisho kwenye vipande, mara 3. Piga pasi koti likiwa limelala kifudifudi juu ya taulo, na kitambaa chenye unyevu juu yake. Pasi ya mkaa ipulizwe jivu kwanza.

Midomo ikiachana, kitambaa ulichobakiza ulipopunguza kilizidi mm 3. Ikipandana, mshono ulikwenda mbali na mkunjo.

Kwenye kipande cha ndani, nyuma ya kila tundu, shona mstatili wa mm 6 kwa 23 juu ya oganza (kitambaa chepesi kinachoonyesha), kata, geuza, kisha unganisha na midomo kwa mkono. Bandi ya midomo isitolewe mpaka vifungo viwe vimeshonwa.